Mfinyanzi Hatupi Vigae

Hotuba kwa Wakristo wa Gongo la Mboto katika mwaka wa jubilei



Nimeagizwa kusema nanyi maneno machache juu ya kumtumaini Mungu siku za taabu, ya kwamba yeye ndiye ayafinyangaye maisha yetu. Nilipopewa agizo hili nilikubali upesi, maana nimekuwa katekista miaka mingi, na mafundisho hayo nimeyatoa mara nyingi. Hata nilipokaa usiku kuitengeneza hotuba, nikaona haya. Nilikumbuka siku moja nilipoyanena maneno hayo hayo hapa hapa Gongo la Mboto, nami nikayanena vibaya. Basi leo sitasema nanyi kama mtu ajuaye yote. Nitawasimulia jinsi nilivyokosa, na jinsi nilivyoonywa.

Wengi wenu mnaukumbuka usiku wa Jumatano, tarehe 16 Februari 2011. Ninyi vijana mliozaliwa baadaye mmesikia habari zake kwa wazazi wenu. Watu walikuwa majumbani mwao, wengine wamekwisha kula, wengine wangali mkekani, ndipo maghala ya silaha katika kambi ya jeshi iliyo karibu nasi yalipoanza kulipuka. Mshindo ukafuata mshindo. Mbingu ikawa nyekundu, nyumba zikatikisika, na vipande vya chuma vikaruka vikaanguka juu ya mapaa ya watu walio mbali na kambi. Uwanja wa ndege ukafungwa. Watu wakatoka kwa maelfu: wengine wakaelekea Pugu na Chanika, wengine wakashika njia ya Ukonga kwenda mjini, miguu mitupu, huyu na mtoto mgongoni, huyu na mzee wake mkononi, na mwingine hana kitu ila kanga aliyojifunga. Kulipokucha, maelfu walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa michezo wa Uhuru, na watoto wengi waliopotezana na wazazi wao wakaandikwa majina ili watafutiwe kwao. Waliokufa walizidi watu 20, na waliojeruhiwa walikuwa mamia. Wala haikuwa mara ya kwanza katika mji wetu. Maana tarehe 29 Aprili 2009, haijatimia hata miaka miwili nyuma, maghala ya namna hiyo yalilipuka Mbagala, na huko nako watu wakafa na nyumba zikabomoka.

Siku chache baada ya usiku ule nilikwenda kumhani mama mmoja wa jumuiya yetu. Jina lake sitalitaja. Alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee. Nilimkuta amekaa sakafuni kati ya wanawake wenzake, macho makavu, hasemi. Nami kwa kuwa ni katekista, nikaona si vema kukaa kimya. Nikadhani ya kuwa kazi yangu ni kusema. Nikamwambia, "Mwanangu, ni mapenzi ya Mungu. Vumilia. Mungu ni mfinyanzi nawe u udongo wake, hapa anakufinyanga."

Akaniinulia macho. Akanena kwa adabu, wala hakupaza sauti: "Shikamoo, Mwalimu. Nimekusikia. Lakini niambie, ni mfinyanzi gani aupigaye udongo wake kwa mabomu?"

Sikuwa na jibu. Wanawake wakainama. Nikanywa maji niliyopewa, nikaaga, nikaenda zangu. Na neno lile likanifuata njia nzima kama mwiba ulio katika kiatu.

Ndugu zangu, nalirudia Biblia nikitafuta la kumjibu mama yule, nami nikaona kwamba mimi ndiye niliyejibiwa. Someni habari za Ayubu. Mtu yule aliyepotewa na mali na watoto na afya aliketi majivuni, akashika kigae ajikune nacho. Rafiki zake watatu walipomjia walikaa naye chini siku 7, wala hawakumwambia neno, kwa kuwa waliona jinsi huzuni yake ilivyo kubwa. Siku hizo 7 walikuwa rafiki wa kweli. Kisha wakafungua vinywa. Wakaanza kumweleza sababu. Kila mmoja akajifanya wakili wa Mungu. Na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wale watetezi wake, akasema kwamba Ayubu, aliyelia na kuuliza na kulalamika, ndiye aliyenena yaliyo sawa kumhusu yeye. Nikajiona mimi ni wa nne katika rafiki wale, nami nimewapita kwa upesi, maana wao walinyamaza siku 7, na mimi sikunyamaza hata nusu saa.

Tena someni Injili ya Luka, sura ya 13. Mnara uliokuwa Siloamu ulianguka ukawaua watu 18. Watu wa zama zile, kama watu wa zama zetu, walitaka kujua wale waliokufa walikosa nini. Bwana wetu akakataa kabisa. Alisema wale hawakuwa wakosefu kuwapita wengine waliokaa Yerusalemu. Akawageuzia wasikilizaji neno, kila mtu aitazame nafsi yake na kutubu. Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba mtu asisimame juu ya kaburi la jirani yake akalisoma kama hati ya hukumu.

Hata hivyo swali la yule mama lilikuwa lingali mahali pake. Maana nabii Yeremia alitumwa kweli nyumbani kwa mfinyanzi. Akaona chombo kimeharibika mkononi mwa fundi, na fundi akakifanya tena chombo kingine kama alivyoona vema. Mfano huo si wa kwangu, ni wa Maandiko. Basi kosa langu lilikuwa wapi?

Jibu nilipewa na mtu asiyekuwa hata Mkristo. Yapata miezi kadhaa baadaye nilikuwa na safari ya upande wa Kisarawe. Njiani nikapumzika penye kibanda cha bibi mmoja Mzaramo, Mwislamu, mzee sana, ambaye alikuwa akifinyanga vyungu na mitungi. Nchi yetu hii ni nchi ya udongo, mnajua. Vilima vya Pugu vimejulikana kwa udongo wake mweupe ufaao kufanyia vyombo vya kauri. Lakini bibi yule alitumia udongo wa kawaida, wa bondeni. Pembeni pake palikuwa na fungu la vigae vya vyungu vilivyovunjika, naye alikuwa akiviponda katika kinu, kisha akavichekecha, na vumbi lake jekundu akalichanganya katika udongo mbichi akaukanda kwa mikono.

Nikamwamkia, nikamwuliza, "Bibi, takataka hizi wazitia za nini katika udongo mzuri kama huu?"

Akanijibu, "Si takataka, baba. Udongo mtupu haustahimili moto. Ukiuchoma peke yake utapasuka. Vigae hivi vimekwisha kuingia motoni vikatoka, vinaujua moto. Nikivichanganya humu, chungu kipya kitasimama."

Nikastaajabu. Ndipo nikauliza lile lililokuwa moyoni mwangu siku zote: "Basi, bibi, je, huvunja vyungu vyako kusudi upate vigae?"

Akaacha kukanda. Akanitazama kama mtu atazamavyo mwenda wazimu. "Astaghafirullah! Nani avunjaye chungu chake mwenyewe? Chungu huvunjwa na mbuzi. Huvunjwa na mtoto aliyetumwa maji akacheza njiani. Huvunjwa na mume mlevi. Sababu za kuvunjika ni nyingi, baba, huwezi kuzimaliza. Kazi yangu si kuvunja. Kazi yangu ni kuokota."

Ndugu zangu, nilikaa pale hata jua likapungua. Miaka yangu yote ya kufundisha sikupata kusikia mahubiri kama yale, na aliyeyatoa hakujua kwamba anahubiri. Kosa langu nikalijua. Nilimwambia mama aliyefiwa kwamba Mungu ndiye aliyekivunja chungu chake, kana kwamba Mungu ndiye mbuzi, ndiye mlevi, ndiye moto wa ghala. Mungu hakumwua mtoto ili amfundishe mama. Lililotokea usiku ule lina sababu zake duniani, na sababu hizo wanadamu wanapaswa kuzichunguza na kuzirekebisha. Yeye aliyetuumba huja baada ya mvunjiko, anainama, anaokota kipande kwa kipande, hakitupi hata kimoja. Na kile kilichovunjika anakitia katika kazi yake mpya, ili kiwe nguvu yake motoni.

Je, nasema kwamba yako mambo yaliyomponyoka Mungu mkononi? Hasha. Mwana wake mwenyewe alivunjwa msalabani, na waliomvunja walikuwa watu, kwa woga wao na wivu wao. Baba hakuwa upande wa wapiga misumari. Alikuwa upande wa mwenye kupigwa. Na siku ya tatu akamwinua, nayo makovu hakuyafuta. Tomaso aliyaona. Mwili uliofufuka ulikuwa na alama za misumari, kama vile chungu kipya kina chembe za kile cha zamani ndani yake.

Ninyi wa Gongo la Mboto hamna haja ya kwenda mbali kuiona kazi hiyo. Inueni macho mvitazame vilima vya Pugu. Mwaka 1888 Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifika huko wakajenga misioni yao ya kwanza katika nchi hii. Mwaka huo huo vita viliwaka pwani, vile tuviitavyo vita vya Abushiri, kwa sababu Kampuni ya Wajerumani ilikuwa imejitwalia pwani, na watu walikataa kutawaliwa. Wahenga walisema, fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Tarehe 13 Januari 1889 Pugu ikashambuliwa. Mabruda wawili na Sista mmoja wakauawa, wengine wakatekwa, wakakombolewa baadaye kwa fedha, nyumba zikaharibiwa. Haijatimia hata miaka miwili tangu waanze, na kazi yote ikawa vigae.

Mtu aliyepita Pugu siku ile angesema, "Hapa pamekwisha." Lakini watawa wale hawakurudi kwao. Mwaka 1898 walifika Peramiho, na mwaka 1906 wakaanza Ndanda. Pugu yenyewe ikaja kuwa mahali pa shule. Mwaka 1953 kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni Edinburgh alianza kufundisha katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko pale Pugu. Jina lake Julius Kambarage Nyerere. Mwaka 1955 aliiacha kazi hiyo, asijue kesho atakula nini, kwa kuwa hakuweza kuwa mwalimu wa shule na kuongoza TANU kwa wakati mmoja. Na leo Pugu ni mahali pa hija. Wakristo wa jimbo hupanda huko kusali. Sisemi kwamba watatu wale waliuawa ili shule ijengwe. Kusema hivyo ni kulirudia kosa langu. Nasema kwamba vigae vyao havikutupwa.

Sasa basi, tufanye nini siku ya taabu? Nina mambo manne, nami nitayasema kwa ufupi, maana jua limekuwa kali.

La kwanza: tukienda kwa mfiwa, tupeleke mikono kabla ya maneno. Tuchote maji, tupike uji, tuwachukue watoto wakalale kwetu. Usiku ule wa 2011 nilimwona mzee Mwislamu, jirani yetu, amembeba mtoto ambaye si wake, wala hakumjua ni wa nani, naye akaenda naye hadi Ukonga, hata mama yake alipoonekana. Hakumweleza mtoto yule habari za mapenzi ya Mungu. Alimbeba. Nami nasema kwamba usiku ule mkono wa Mungu ulikuwa na kovu la jembe, na kidole kimoja kilichopinda, maana ndio mkono wa mzee yule.

La pili: tusiogope kumlilia Mungu, hata kumlalamikia. Udongo uliotoka mkononi mwa mfinyanzi hukauka ukawa jiwe. Mtu aliaye mbele za Mungu yungali mkononi mwake. Anayeogofya ni yule aliyenyamaza akageuka akaenda zake. Basi ukiona huwezi kusali ila kwa kuuliza, uliza. Ayubu aliuliza.

La tatu: tukubali kukaa kivulini. Bibi yule alinionyesha vyungu vilivyokwisha kufinyangwa, vimepangwa ndani ya kibanda. Nikamwuliza kwa nini haviweki juani vikauke upesi. Akasema, "Jua la ghafula hukipasua. Chungu hukauka polepole kivulini, na siku zake hazilazimishwi." Wako kati yenu waliokwisha kuambiwa, "Mbona hata sasa unalia? Miaka imepita." Msiwaambie hivyo. Kila chungu kina siku zake. Wahenga walinena, udongo uwahi ungali maji, nao walisema kweli kwa habari ya kuwalea watoto. Lakini kwa habari ya huzuni, mwenye kujua saa ya udongo ni Mfinyanzi peke yake.

La nne: kumtumaini Mungu si kunyamaza mbele ya yale yapasayo kurekebishwa. Mtu akisema, "Ni mapenzi ya Mungu," kusudi asiulizwe mbona ya Mbagala yamerudi Gongo la Mboto, huyo anamsingizia Mungu. Bibi mfinyanzi huokota vigae, naam. Lakini pia humfunga mbuzi wake kamba. Na sisi tuulize kwa adabu na bila chuki, tudai usalama wa nyumba zetu na wa watoto wetu, tuangalie mahali tunapojenga, tusaidiane na wenye mamlaka. Hiyo nayo ni ibada.

Namalizia kwa habari ya mama yule. Nilimrudia. Safari hii nilikaa chini sakafuni, wala sikunena neno. Baada ya kitambo kirefu nikamwambia, "Mwanangu, nilikosa. Nisamehe. Si Mungu aliyekivunja." Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yangu; nami nikalia.

Msidhani nitawaambia kwamba alipata mtoto mwingine, au kwamba huzuni yake ilikwisha. Sivyo. Ila nimeona neno moja, nanyi wengi mmeliona. Pakitokea msiba wa mtoto katika mitaa hii, kwa Mkristo au kwa Mwislamu, yeye huwa wa kwanza kufika. Huingia, huketi karibu na mama aliyefiwa, humshika mkono. Hasemi kitu. Na wale akina mama humwegemea yeye kuliko mimi na vitabu vyangu vyote, kwa sababu wanajua ameingia motoni akatoka. Siku moja nikamwuliza kama sasa amekwisha kulipata jibu la swali lake. Akasema, "Sijalipata, Mwalimu. Lakini sikuachwa." Neno hilo nalishika mpaka leo: sikuachwa. Mimi sina mafundisho makubwa kuliko hayo.

Katika Torati, mwaka wa jubilei ulikuwa mwaka wa kurudi: mtumwa alirudi kwao, na aliyepotewa na shamba la baba zake alilirudia. Sisi nasi, mwaka huu, turudi. Tulikimbia usiku ule, kisha tukarudi majumbani mwetu, tukaezeka upya mapaa yaliyotobolewa na chuma. Wako walio moyoni hawajarudi bado, wangali njiani gizani, wamebeba vipande vyao katika kanga, wanaona aibu kuvionyesha. Ndugu, leteni hivyo vipande. Msivifiche wala msivitupe. Yuko wa kuviokota.

Mungu Baba aliyetufanya kwa mavumbi ya nchi, na Mwana aliyevunjwa kwa ajili yetu, na Roho Mtakatifu aliye moto usioteketeza, atushike mkononi mwake sote, walio hai na marehemu wetu wa usiku ule. Amina.